Uso Hauagizwi kwa Posta

Lipo neno moja ambalo wapenzi wa wanasesere wa thamani wamelirudia mara nyingi hata limekuwa kama amri: mwanasesere wa bei ghali usimpake rangi mwenyewe, mpelekee msanii. Neno hili husemwa kwa upole, husemwa kwa nia njema, na mara nyingi husemwa na watu ambao hawajawahi kushika brashi. Mimi nalipinga. Nalipinga kwa sababu linawatia watu woga usio na msingi, linawanyima raha iliyo kubwa kuliko zote katika mchezo wetu huu, na, kwa sisi wenye ngozi nyeusi, linatuondolea haki ya kusema uso mzuri ni upi.

Huenda msomaji akacheka: mtu mzima na wanasesere? Namwomba avumilie. Wapo watu wazima wanaokusanya stempu, wapo wanaofuga njiwa, wapo wanaokesha wakicheza bao hadi alfajiri. Kila mtu na lake. Mimi niliondoka pwani ya Kenya zamani nikahamia Uingereza, na huko ndiko nilikoanza kukusanya wanasesere. Katika wanasesere nimeona mambo ya binadamu ambayo nadhani nisingeyaona katika stempu.

Kwa wasiojua, nieleze kwa ufupi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Volks ya Kyoto, Japani, ilianza kuuza wanasesere walioitwa Super Dollfie. Hawa si wa kuchezewa na watoto. Wametengenezwa kwa rezini ya poliyurithani, ngumu na nzito, laini mkononi kama kauri. Viungo vyao ni vya mviringo kama gololi, na ndani yao umepita uzi wa mpira unaoushika mwili wote pamoja. Walio wakubwa hukaribia urefu wa sentimita 60. Baadaye makampuni mengine ya Japani, Korea na China yakafuata, na bei ya mwanasesere mmoja ikawa ya mamia ya dola. Jambo linalowatofautisha na wanasesere wa kawaida ni hili: unaweza kumnunua akiwa hana uso. Pua ipo, midomo ipo, matundu ya macho yapo. Lakini hakuna nyusi, hakuna kope, hakuna wekundu wa mdomo wala kivuli cha shavu. Ni kama yai lenye pua. Hapo ndipo mnunuzi anapofika njia panda: ampake mwenyewe, au kile kichwa akifunge kwenye sanduku akitume kwa msanii, pengine katika nchi nyingine, angoje majuma au miezi, alipe, kisha apokee uso.

Kazi yenyewe si uchawi. Kichwa huvuliwa nywele na macho, huoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, huachwa kikauke. Kisha hunyunyiziwa vanishi isiyong'aa, tabaka jembamba, ili rangi ipate pa kushika, maana juu ya rezini tupu rangi huteleza. Chaki laini za wachoraji hukwanguliwa kwa wembe zikawa unga, na unga huo hupakwa kwa brashi kama mwanamke anavyojipaka poda: kidogo mashavuni, kidogo juu ya macho, kidogo kando ya pua. Hunyunyiziwa tena, huachwa pakauke, hupakwa tena. Nyusi na kope za chini huchorwa unywele mmoja mmoja kwa penseli za rangi ya maji au kwa akriliki iliyozimuliwa. Mwishowe midomo hutiwa vanishi ya kung'aa, na kope za juu hubandikwa kwa gundi. Ukihesabu na saa za kungoja ikauke, ni kazi ya siku mbili tatu.

Sasa nitasema lile ambalo watishaji hawalisemi: yote hayo yanafutika. Rangi imekaa juu ya vanishi, haikuingia ndani ya rezini. Chukua pamba na spirti ya isopropili, sugua polepole, na kichwa kitarudi kitupu kama kilivyotoka kiwandani. Jambo la kuepuka ni asetoni, kwa kuwa hiyo huila rezini yenyewe. Ni kazi gani nyingine inayomsamehe mtu namna hii? Fundi cherehani akikata kitambaa vibaya, kimekatika. Mpishi akizidisha chumvi, wageni watanyamaza lakini watajua. Mpaka uso wa mwanasesere hufuta jioni akaanza upya asubuhi, na hata jirani hana habari. Woga wa nini, basi?

Tena wanasahau kwamba hata uso wa bingwa haudumu milele. Nywele za bandia zinapovalishwa na kuvuliwa hukwaruza paji la uso. Vidole hufuta shavu. Mdomo hupoteza mng'ao. Baada ya muda itabidi upakwe tena. Aliyejifunza kupaka atakaa mezani pake siku mbili. Asiyejifunza atafunga sanduku tena, atalipa tena, atangoja tena. Huko si kuwa na mwanasesere. Huko ni kumpangisha.

Wapinzani wangu huniletea historia. Husema: tangu zamani nyuso hizi zimepakwa na mafundi. Ni kweli. Katika karne ya 19 vichwa vya kauri vya kiwanda cha Jumeau, Ufaransa, vilipakwa kwa mkono na kuchomwa tanuruni. Katika mji wa Sonneberg, Ujerumani, na vijiji vya jirani, familia nzima zilifanya kazi za wanasesere majumbani mwao kwa ujira mdogo. Japani nako, wanasesere wanaopangwa kwa sikukuu ya wasichana ya tarehe 3 Machi hupita mikono mingi: mtengeneza kichwa ni mmoja na mvika mavazi ni mwingine, na weupe wa uso hutokana na gofun, unga wa makombe ya chaza. Hao ni mafundi kweli, nami nawaheshimu. Lakini tuangalie walichouza. Waliuza mwanasesere aliyekwisha. Hawakumuuzia mtu uso mtupu kisha wakamwambia kwamba mikono yake haifai.

Na historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1905 mama mmoja wa Kijerumani, Käthe Kruse, alimtengenezea binti yake mwanasesere kwa taulo lililojazwa mchanga, na kichwa kilikuwa kiazi. Hakuwa fundi wa wanasesere. Alikuwa mama. Aliendelea kujaribu, na mwaka 1910 wanasesere wake walionyeshwa katika duka kubwa mjini Berlin, na jina lake likaenea. Lau angeambiwa ampelekee msanii, akatii, je, tungemjua leo?

Na sisi, je? Nani aliyewapakia bibi zetu nyuso za wanasesere wao? Msichana alichukua gunzi la mahindi lenye ndevu zake, au kitambaa alichokijaza usufi, akakifunga leso, akachora macho kwa mkaa. Jicho moja likiwa juu na jingine chini, hakuna aliyemlaumu. Alimwita mwanangu, akambeba mgongoni, wakaenda kisimani. Ukamilifu wa mwanasesere yule haukuwa katika nyusi zake.

Nije sasa kwenye sababu inayoniuma zaidi. Uso si urembo mtupu. Mapema miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ngozi, wakawauliza yupi ni mzuri. Wengi walimchagua mweupe. Ushahidi huo ulitajwa mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1967 kampuni ya Mattel ilitoa mwanasesere Francie wa rangi nyeusi. Walibadilisha rangi ya plastiki, sura wakaiacha ile ile ya mzungu. Ilipofika mwaka 1980 ndipo akatoka Barbie mweusi aliyebeba jina la Barbie, na aliyembuni alikuwa mwanamke mweusi, Kitty Black Perkins. Somo ni nini? Ni kwamba anayeshika kalamu ndiye anayeamua uso. Ukimpa kalamu mtu asiyekujua, atakuchora anavyomjua yeye.

Dada mmoja tunayefahamiana, mzaliwa wa Tanga, alinunua kichwa cha rezini ya kahawia iliyokolea. Alikuwa na picha moja tu ya marehemu mama yake akiwa msichana, picha ya studio, amejifunga leso na kutia wanja. Alitaka sura ile. Akakituma kichwa pamoja na nakala ya picha kwa msanii mmoja mwenye sifa, akalipa fedha nyingi, akangoja miezi saba. Kichwa kiliporudi, kila aliyekiona alikisifu. Nyusi zilikuwa nyembamba kama uzi wa buibui. Mashavu yalikuwa ya waridi. Kando ya pua palitiwa kivuli ili pua ionekane nyembamba. Na juu ya ngozi yote palikuwa na ukungu wa kijivu, kana kwamba mtoto ameogeshwa akasahauliwa kupakwa mafuta. Dada yule alikitazama sana, kisha akasema: "Ni mzuri, lakini si mama."

Simlaumu msanii yule kwa uovu, maana hakuwa nao. Alifanya alichokizoea. Amejifunza juu ya rezini nyeupe, ambapo unga wa waridi huonekana kama damu chini ya ngozi. Juu ya ngozi nyeusi unga ule ule hupauka, hasa ukiwa umechanganywa na chokaa nyingi kama zilivyo chaki za bei rahisi. Ngozi yetu hutaka rangi nyingine: wekundu wa tofali, zambarau iliyokolea, kahawia ya udongo uliolowa. Mdomo wa juu mara nyingi huwa mweusi kuliko wa chini, na wa chini huwa na uwaridi ndani, pale unapokutana na mate. Kope za macho huwa nyeusi kuliko paji. Nani asiyeyajua haya miongoni mwetu? Tumeyaona kila siku ya maisha yetu, kwa mama zetu, kwa dada zetu, katika kioo. Ujuzi huo msanii wa mbali ataupata wapi, katika picha moja ya studio isiyo na rangi? Yule dada angempata mama yake kwa brashi ya kutetemeka kabla ya bingwa kumpata kwa mkono uliotulia.

Nilimshauri afute apake mwenyewe. Akakataa. Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike maneno haya: alisema kazi ile ilimgharimu mno, hawezi kuifuta. Basi mwanasesere yumo sandukuni hadi leo, na yule dada hamtoi. Tazameni bei inavyoweza kumfunga mtu. Amelipa ili awe na uso, na sasa hana uso wala ujasiri wa kuutafuta.

Kuna hoja moja ya wapinzani iliyo na nguvu, nami sitaikwepa. Wao husema: mbona hata bibi harusi wa pwani hajipaki hina mwenyewe? Huitwa mpaka hina, hulipwa, na hakuna anayesema kwamba mikono ile si ya bibi harusi. Hoja nzuri. Lakini watazame wawili hao walivyokaa. Mpaka hina ameushika mkono wa bibi harusi mkononi mwake. Wanazungumza. Bibi harusi anasema hapa ongeza ua, pale acha wazi. Somo wake yuko pembeni, shangazi zake wako pembeni, kila mmoja na neno lake. Mpaka hina amezaliwa katika mji ule ule, au mtaa ule ule, na anajua mkono wa bibi harusi unavyotakiwa uonekane usiku ule. Tena hina hutoweka baada ya wiki mbili tatu. Nipeni msanii wa namna hiyo, anayeketi nami sebuleni, ninayeweza kumwambia "hapo sipo, shoga yangu, nyusi za kwetu hazianzii hapo", nami nitafunga mdomo. Ninachokikataa ni ule mkono usioujua mkono wangu, uliopewa kazi kwa barua na kurudisha kazi kwa posta.

Wengine husema kwamba watu kama mimi tunawanyima wasanii riziki. La hasha. Msanii anayepaka nyuso kwa riziki anastahili kila senti anayodai, na mtu anayemlalia bei ni mtu asiye na haya. Anayeona makumi au mamia ya dola ni mengi kwa kazi ya siku tatu, pamoja na miaka ya kujifunza nyuma yake, na ajaribu yeye kuchora unywele mmoja wa nyusi ulio sawa na mwenzake. Hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kujifunza: aliyewahi kushika brashi hawezi tena kumdharau aliyeishika. Nami nina ushauri kwa mwenye fedha ya kumlipa msanii: mlipe akufundishe. Mlipe kwa saa mbili za kukaa karibu naye umtazame. Yeye atapata riziki yake, nawe utaondoka na kitu kisichofutika kwa spirti.

Lazima pia niseme lililo kweli hata kama linapunguza ukali wa maneno yangu. Ile vanishi ya kunyunyizia ni sumu kwa mapafu. Hainyunyizwi chumbani, hainyunyizwi jikoni, hainyunyizwi mtoto akiwa karibu. Kitambaa puani hakisaidii, wala barakoa ya karatasi. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na kazi ifanyike nje. Ukisugua rezini kwa msasa, ilowanishe kwanza, maana vumbi lake nalo halifai kuvutwa. Mwenye pumu, mja mzito, na mtu ambaye mikono yake imeshikwa na maradhi wana haki kabisa ya kumpa mwingine kazi ile, wala asiwepo wa kuwasimanga. Na kwa ndugu zangu walio pwani, kuna tabu nyingine: hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi hukauka ikiwa na ukungu mweupe. Siku za masika si siku zake. Tena makopo ya kunyunyizia huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari katika ndege, hivyo kuyaagiza ni shida. Anayeyakosa anaweza kutumia akriliki na vanishi ya maji ya kupakwa kwa brashi, akapaka tabaka jembamba jembamba kwa subira. Uso hautakuwa na wepesi wa unga wa chaki, lakini utakuwa uso, na utakuwa wake.

Hizi ni sababu za kweli za kumtafuta msanii: afya, maradhi, uhaba wa vifaa. Naziheshimu. Ambayo siiheshimu ni ile moja ya "nitaharibu". Utaharibu nini? Rezini haidhuriki kwa unga wa chaki. Kitakachodhurika ni kiburi, nacho hupona upesi.

Nimesikia watu wakijitapa kwa jina la msanii aliyempaka mwanasesere wao kama watu wanavyojitapa kwa jina la fundi aliyewashonea suti. Wanaweka picha, wanataja jina, wanangoja sifa. Sawa, ni haki yao. Lakini ulizeni swali moja: katika mwanasesere huyo, wewe mwenyewe umeweka nini? Macho uliyanunua. Nywele ulizinunua. Nguo ulizinunua. Uso nao uliununua. Limebaki jina ulilompa, na hata hilo wengine hulichukua katika orodha ya kiwanda.

Basi ndugu msomaji, ikiwa unacho kichwa kitupu kabatini, umekifunga kwa karatasi ukingoja siku utakayopata fedha ya msanii, usingoje. Kioshe. Tafuta picha ya mtu unayempenda, uiweke mezani mbele yako. Anza na nyusi, na uzianzie pale zinapoanzia kwenye uso wa mtu huyo, si pale wanaposema vitabu. Zikienda upande, futa. Zikienda upande tena, futa tena. Siku ya tatu au ya kumi utainua kichwa kile kwenye mwanga wa dirisha, na mtu fulani atakutazama ambaye hakuna msanii yeyote duniani angeweza kumjua.